Doa Jekundu Nyumbani kwa Mwenyekiti

Tangu Lai Kun-hok afundishwe na ofisi ya wilaya kutumia ramani ya simu, kichwa kilimvimba. Mwenyekiti wa mtaa huko Tainan, muuza mabomba, leo mtaalamu wa takwimu! Asubuhi akinyoa ndevu alijicheka mwenyewe kiooni: "Mtaalamu, umesahau shavu la kushoto." Ila alijicheka kwa raha zake, maana alijua hakuna mwingine wa kumcheka.

Jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Wazee wa mtaa walikuwa wanaanguka. Barabara imejaa pikipiki, kwa hiyo watu hupita barazani mbele ya nyumba, na kila mwenye nyumba kaijenga baraza yake kwa kimo alichotaka. Hapa unapanda, pale unashuka. Shangazi Gim, mjane anayeishi peke yake, alikuwa amevunjika mkono, na daktari alimwambia wazi kwamba akianguka tena huenda asiinuke. Ofisi ya wilaya ikasema mwaka huu itasawazisha sehemu moja tu, ile ambayo ramani itaonyesha kuwa inaangusha watu zaidi.

Basi Kun-hok akakusanya habari. Alikusanyaje? Alikaa! Ofisi ya mwenyekiti ni sebule yake, na sebuleni pana meza ya chai. Wazee wakaja mmoja mmoja, akawamiminia, akashika simu.

"Shangazi, ulianguka wapi?"

"Aa, mwanangu, hapa hapa karibu."

"Karibu wapi?"

"Hapa hapa tu. Chai yako tamu kweli."

Kun-hok, akiona chai inapoa, alibonyeza palipoandikwa "Mahali nilipo". Si wamesema ni karibu? Akafanya hivyo kwa wote. Kazi ikaisha bila jasho, hata viatu hakuvaa.

Siku ya mkutano, uani hekaluni, alitundika shuka jeupe na kulimulikia ramani yake. Bi Fang wa wilaya alikaa mbele na kalamu mkononi. Kun-hok akakohoa kidogo kama wanavyokohoa mabwana wakubwa, akabonyeza. Mtaa mzima ukatokea msafi kabisa, isipokuwa doa moja jekundu, nono, juu ya nyumba ya mwenyekiti.

"Loo!" akaropoka Mzee Tshua, ambaye Kun-hok alimbwaga kwenye uchaguzi. "Kumbe watu wanaangukia sebuleni! Mwenyekiti, unawamiminia chai au pombe?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Lakini Bi Fang hakucheka. "Takwimu zimesema," alisema. "Tutasawazisha mbele ya nyumba ya mwenyekiti."

Hapo kicheko kikakatika. "Kajipakulia!" mtu akapiga kelele. "Uongozi mtamu, jamani!"

"Hizi simu..." Kun-hok akaanza, kisha akamwona Shangazi Gim na mkono wake wenye plasta, kainamisha kichwa. Aibu ikamshika mpaka masikio yakawaka moto.

"Si simu," akasema. "Ni mimi. Nilijaza yote nimekaa kitini, simu ikaweka alama pale nilipokaa. Mkitaka kujua mjinga wa mtaa huu anaishi wapi, ramani hiyo hapo, haijakosea hata hatua."

"Sawa, lakini lazima niondoke na jibu leo," alisema Bi Fang. "La sivyo kazi inakwenda mtaa mwingine."

"Basi kila aliyeanguka aende akasimame palepale alipoangukia. Wewe utapiga picha."

Kun-hok akatangulia mbio mbio kuelekea sokoni, kwa kuwa alikuwa na hakika kwamba wote walianguka kule kwenye mtaro wa soko. Alipogeuka, nyuma yake wamebaki wazee wawili tu. Wengine wote walikuwa wamesimama nje ya nyumba yake.

"Jamani, chai baadaye!" akawapigia kelele. "Nendeni kwanza mkasimame!"

"Tumeshasimama," akajibu Shangazi Gim.

Kun-hok alirudi polepole. Walikuwa wamejipanga ukingoni mwa baraza yake, ile aliyoipandisha mwaka wa mafuriko, akaitandika vigae vya kung'aa, akawaita majirani waje waone. Ilizidi baraza ya jirani kwa shibiri nzima.

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulikwambia. Hapa hapa."

"Shangazi!"

"Sasa ningekwambiaje, mwanangu, nami nimeshika kikombe chako?"

Kun-hok alitazama vigae, akautazama ule mkono wa plasta. Bi Fang akainua simu apige picha, naye akamzuia.

"Hapa usipige. Walio kwenye mtaro wa soko wale pale, kawaandike wao. Hii nimejenga mwenyewe, nitaivunja mwenyewe."

Akaingia dukani kwake, akatoka na nyundo na patasi. Vigae vilipasuka kwa kelele, Mzee Tshua akipiga makofi, mke wa mwenyekiti dirishani kashika kichwa. Kun-hok alivunja ukingo, akauchonga uwe mteremko, shati likaloa jasho. Mwishowe akasimama kando, akifuta uso.

Shangazi Gim akamwegemea begani kwa mkono wake mzima, akatanguliza mguu mmoja, akakanyaga polepole, akaurudisha.

"Bado, mwanangu," akasema. "Chimba tena."

Kun-hok akapiga magoti, akachimba.