Wimbo Chini ya Sauti

Kaseti ilikuwa ya kwaya, na Rosebella alikuwa amerekodi juu yake. Redio yake kuukuu, aliyoificha chini ya beseni la dagaa wa omena huko Kisumu Ndogo, Kibera, ilinasa dakika nne za Shiundu, kibaraka wa landilodi, akiwapanga vijana wake: kijiji jirani cha Lindi kingetiwa moto Ijumaa.

"Watakaobaki ndani wataiva. Sawasawa?"

Afrah alivaa visikizi mbele ya kompyuta, katika ofisi ya uchapishaji aliyofanyia kazi Kawangware, Rosebella akiwa ameketi kando yake. Sauti ya Shiundu ilikuwepo, wazi. Lakini chini yake, mbali, kwaya bado iliimba.

"Mama, redio yako haikufuta vizuri. Wewe mwenyewe unaongoza wimbo humu."

"Woi! Mimi?"

"Tena kwa nguvu zako zote."

Rosebella hakucheka. "Nyathina, mwanangu, Kibera nzima inaijua sauti yangu. Wakinisikia nimekwisha."

Faili lilikuwa megabaiti ishirini na moja, na laini ya simu ilikatika kila robo saa. Megabaiti mbili zingepita, sauti ikiwa safi. Wimbo pia ungepita nazo. Afrah akashusha ubora, akasikiliza, akashusha tena. Kila hatua ilikula kitu: kwanza ncha za maneno, kisha pumzi, kisha sauti za juu za wanawake. Lilipofika nusu megabaiti, kwaya ilikuwa imekufa. Shiundu alisikika kama aliyefungiwa ndani ya debe, lakini ile "sawasawa" ilikuwa yake, hakuna aliyeweza kuikana. Afrah akaituma rekodi hiyo kwenye tovuti ya watetezi wa wapangaji.

Ijumaa wanahabari walijaa Lindi. Hakuna kilichowaka.

Jumatatu asubuhi Shiundu aliingia ofisini kwa Afrah, akasukuma komeo la mlango nyuma yake, akaweka disketi mezani.

"Niaje, msupa. Kuna jamaa wa mtaa wa Olympic amenitolea hii kwa mtandao. Nasikia wewe ndiye fundi wa sauti huku. Isafishe. Nataka kusikia aliyenirekodi alikuwa amekaa wapi."

"Haisafishiki. Kilichotupwa hakirudi."

"Nani alikitupa?"

Kaseti ilikuwa kwenye droo, karibu na goti lake. Afrah hakuitazama.

"Mimi."

Shiundu akatabasamu polepole, akavuta kiti mpaka droo ikamgusa. "Basi unajua aliyeileta."

Nje, jenereta ya kinyozi ilikohoa, ikazimika.

"Sikiza, dada. Utaandika kwa hiyo tovuti kwamba sauti uliitengeneza wewe, na uniombe msamaha kwa jina langu kamili." Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole. "Hizi mbao zenu zimekauka sana. Sawasawa?"

Afrah alivua visikizi, akavikunja waya, akaviweka juu ya droo.

"Sauti ni yako. Siandiki kitu, na msamaha siombi."