Kipaza na Vidonge vya Majaribio

Mtaani kwetu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wote tulimwita Kipaza, kwa kuwa ndiye aliyetangaza mechi uwanjani, na hata mitambo ilipoharibika aliendelea kutangaza na waliokaa nyuma kabisa wakamsikia. Mungu naye ana vichekesho vyake: mkewe alikuwa mkutubi, mtu wa kunyamazisha ukumbi mzima kwa kidole kimoja.

Jumamosi moja, katikati ya kipindi cha pili, Kipaza alinyamaza. Watu waligeuka kutazama kibanda chake hata kabla refa hajasimamisha mchezo. Walimkuta ameshika kifua, jasho linamtiririka, akinong'ona, "Kuna mtu kanikalia hapa."

Hospitalini, daktari wa moyo, mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya upole, aligundua kwamba mshipa mmoja wa moyo umeziba na lazima uzibuliwe mara moja. Wakati wauguzi wanamwandaa, alimwinamia.

"Mzee wangu, nina ombi, na una haki ya kukataa. Tukizibua mshipa, damu itarudi. Hilo ni jema, lakini moyo uliokaa na njaa ya damu unaweza kuumia tena damu ikirudi ghafla. Kinga ya mwili hukimbilia pale kusafisha, na pale panavimba. Wakati mwingine inaharibu hata nyama ambayo ingepona."

"Yaani askari wangu mwenyewe ananipiga?"

"Kwa nia njema, ndiyo. Ipo dawa ya kuipunguza makali hiyo kinga. Waliopandikizwa figo wanaitumia. Tunachunguza kama itasaidia na hapa. Bado hatujui. Wengine watapata dawa yenyewe, wengine vidonge vitupu visivyo na dawa, na hata mimi sitajua nani kapata nini. Mshipa tutauzibua vyovyote utakavyojibu."

Kipaza alimtazama mkewe. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, lakini alimbana mkono na kusema, "Amua wewe. Mimi niko hapa."

"Niandikeni," Kipaza akasema. "Maisha yangu yote natangaza mechi za wenzangu. Acha leo na mimi niingie uwanjani."

Mshipa ukazibuliwa salama. Siku chache baadaye akarudishwa nyumbani na kopo la vidonge na onyo moja: kama ni dawa yenyewe, kinga yake itakuwa chini, kwa hiyo akae mbali na umati na mtu yeyote mwenye mafua.

Kumwambia Kipaza akae mbali na watu ni kumwambia samaki akae mbali na maji. Ila mkewe alichukua likizo, akaweka kiti mlangoni, na hapo ndipo tulipomjua. Kila mgeni aliulizwa lini alipiga chafya mara ya mwisho. Fundi viatu, rafiki wa Kipaza tangu utoto, alisafisha koo tu, basi akarudishwa alikotoka.

"Shemeji, hili ni vumbi," alijitetea.

"Na vumbi lenyewe lirudi kesho likiwa limepona," mkutubi akajibu, bila hata kuinua macho kwenye kitabu.

Wakati huo Kipaza alikaa dirishani, mpweke kama mwezi, akiwapigia kelele wapita njia mpaka mkewe amwinulie kile kidole.

Ndipo alipokuja kaka wa mkewe. Huyu alikuwa kipa wa timu ya maveterani, na hakuwa amekanyaga pale tangu Kipaza alipotangaza, mbele ya uwanja mzima, kwamba golini kwa shemeji yake mlango uko wazi, wageni karibuni. Dada yake hakumpitisha mlangoni, kwa kuwa pua ilikuwa inachuruzika. Akazunguka, akasimama ng'ambo ya njia, mbali na dirisha.

"Nilikuwepo uwanjani uliponyamaza," alisema. "Nilidhani umekufa, na mimi bado nimekununia."

Kipaza alishusha sauti, jambo ambalo si kawaida yake. "Shemeji, nilikukosea," akasema. "Nilitafuta kicheko cha watu, nikakuuza wewe."

"Ila siku ile kweli nilifungwa magoli sita."

"Saba."

Wakacheka mpaka mkutubi akatoka kuwanyamazisha, akaishia kucheka nao. Tangu siku hiyo shemeji alikuja kila jioni, na mafua yalipokwisha akaruhusiwa kuingia.

Miezi mingi ilipita. Utafiti ulipofungwa, daktari aliwaita Kipaza na mkewe, akawaambia kwamba moyo umepona vizuri kuliko alivyotarajia. Matokeo ya wagonjwa wote yalikuwa bado yanapimwa, na hakutaka kuahidi lolote kuhusu dawa. Ila sasa angeweza kumwambia alichopewa.

"Ulipewa vidonge vitupu, mzee wangu."

Kipaza alimgeukia mkewe taratibu. "Yaani ulimfukuza fundi viatu bure?"

"Bure?" mkewe akasema. "Tangu unioe sijawahi kusoma vitabu vingi namna ile."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. Kipaza alimshukuru kwa sauti iliyowageuza wagonjwa waliokuwa kwenye korido, kisha akamshika mkewe mkono, wakatoka kwenda kumpasha shemeji habari.