Diski ya Siku Mbili

Baba yangu hamwamini mtu kwenye suala la kufuta diski. Duka letu la kukodisha filamu lina kaunta moja, rafu tatu na deki ya kujaribia, na kila diski inayorudi lazima ipite mkononi mwake. Anaipumulia kidogo, anaifuta kwa kitambaa cha flana kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha, kisha anaiinua kwenye taa na kuikagua upande wa chini. Ukimwambia hii ni mpya, Mzee, haina hata alama ya kidole, anakuangalia kama umemtukana. Mpya nayo anaifuta. Nimefanya naye kazi tangu nimalize shule, na sijaona diski ikitoka mle ndani bila kupitia flana ile.

Kwa hiyo wakala wa kampuni ya filamu alipotuletea habari za diski za kutupa, nilijua tu hapa hatufiki mbali bila vituko. Diski hizo zinakuja kwenye pakiti isiyopitisha hewa. Mteja ananunua, anafungua nyumbani, anatazama. Hewa ikishaigusa, upande wa chini unaanza kubadilika, kutoka wekundu kwenda weusi, na baada ya siku mbili deki inaikataa. Hakuna kurudisha, hakuna faini ya kuchelewa. Unaitupa. Wakala alieleza haya huku anatabasamu kama mtu anayegawa zawadi.

Wateja nao kila mmoja alikuwa na lake. Nesi jirani yetu alifurahi, maana zamu zake hazimpi nafasi ya kurudisha kitu kwa wakati, na faini zetu zilikuwa zimemchosha. Fundi cherehani alisema bei imezidi ya kukodi, na bado unaondoka na kitu kinachokuharibikia ndani kama maziwa. Kama ni kukodi iwe bei ya kukodi, na kama ni kununua basi kiwe chake. Mwalimu aliuliza taka zote hizo zitakwenda wapi, akaondoka bila kununua, kama kawaida yake. Kinyozi ndiye aliyeniudhi. Eti kwa hela hiyohiyo Kopi anampa filamu nne kwenye diski moja, na haifi. Nilimwambia basi na kucha akakatiwe hukohuko kwa Kopi. Lakini nilipokaa nikafikiri, niliona wote wana haki, hata kinyozi, na hilo lilinikera zaidi.

Kopi ni mdogo wangu, tumbo moja. Ana kibanda ng'ambo ya barabara, chenye kompyuta na mashine ya kuchoma nakala za diski, na jina hilo alipewa na mtaa. Baba alipogundua kwamba filamu zinazochomwa pale zilitoka kwenye rafu zetu wenyewe, hakupiga kelele. Alimwomba arudishe ufunguo wa duka, basi. Huu ni mwaka wa pili hawasemeshani. Wakikutana barabarani, Baba anampita kama anavyopita nguzo ya umeme.

Sasa niseme habari za mama. Tulipokuwa wadogo, marehemu mama alicheza filamu moja. Anatokea mara moja tu. Ni mke wa mpangaji, amesimama mlangoni anamfokea dalali aliyekuja kuwatoa, halafu dalali anajikwaa kwenye ndoo na mama anaangua kicheko. Hakuwa anaigiza. Baba alikuwepo siku hiyo, anasema ndoo ile haikuwa kwenye mpango. Nyumbani tuna picha zake, lakini sauti yake hatuna. Kanda yetu ya filamu ile ililiwa na ukungu zamani. Kampuni ilipoitoa upya, iliitoa kwa diski za kutupa peke yake. Baba alimwomba wakala ile ya kawaida, ya kukaa nayo, kwa bei yoyote atakayotaja. Wakala akasema wenye filamu hawakutengeneza. Tukaagiza moja ya kutupa, tukapanga tuifungue Jumapili mama mdogo atakapokuja, tumtazame dada yake sote pamoja, kisha tumuage.

Boksi la diski za kutupa, ya mama ikiwemo, lilifika Alhamisi, mimi nimetoka kidogo. Niliporudi nilimkuta Baba kwenye kaunta, flana mkononi. Diski zote za boksi lile zilikuwa zimelala juu ya taulo safi, zinang'aa, na pakiti zake zimejaa kwenye ndoo ya taka. Nilikuwa nimemweleza, wakala alikuwa amemweleza, na yeye mwenyewe alishawaeleza wateja. Lakini mkono wa Baba ukiona diski haungoji kichwa. Alifuata macho yangu mpaka kwenye ndoo, akaelewa, akakaa kwenye stuli polepole. Ya mama ilikuwa pale katikati ya wenzake, imefutwa vizuri sana.

Boksi jingine lingepatikana, ila si kabla ya mwezi ujao, na wakala alishasema filamu ya mama haitachapwa tena. Mama wa kwenye diski asingefika Jumapili. Nilimwambia Baba palepale aipeleke kwa Kopi ikachomwe.

"Nikimpelekea kazi," alisema, "nimembariki."

Nilimwambia huyu ni mkeo, wewe ndiye mgane wake, sasa hapo anayeibiwa ni nani? Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio unaonimaliza, kwamba filamu ile ilikuwa jasho la watu wengi na wengi wao hawakupata hata nauli ya kurudi. Yeye alikuwa akimpeleka mama mazoezini kwa baiskeli, anawajua kwa sura. Hawezi kumtoa mke wake mle ndani na kuwaacha wenzake. Kisha akanipa mgongo, akaanza kufuta kaunta.

Basi Ijumaa asubuhi alipoingia bafuni, nyumbani kwetu nyuma ya duka, niliichukua. Nasema waziwazi na sijutii. Baba akioga anaoga, unaweza kubandika maharage yakaiva. Nilivuka barabara, na Kopi alipoona jina la filamu hakuuliza kitu. Mashine ilipomaliza akaijaribu ile mpya. Kicheko kilipotoka kwenye vile vispika vyake vibovu, mdogo wangu aliinama chini ya meza akajifanya anatafuta waya. Nilimwambia aifiche mpaka nitakapojua pa kuanzia kumwambia Baba. Niliirudisha ya Baba mahali pake kabla hajamaliza kuvaa.

Siku ile nzima alitazama kipande kimoja. Anarudisha nyuma, anatazama, anaitoa diski, anaifuta, anairudisha. Kila alipoitoa ilikuwa nyeusi zaidi. Nilitaka kumwambia kwamba weusi huo hautoki kwa flana, lakini nikaendelea kupanga rafu. Wateja waliingia wakatoka, hata kinyozi alikodi kimyakimya akaenda zake.

Jumamosi mchana picha ikaanza kukwama. Uso wa mama ulivunjika vipandevipande, mdomo wazi, kabla hajacheka. Baba alingoja. Haukuendelea. Alizima deki, akavaa koti, akaitia diski kwenye mfuko wa shati akatoka. Nilidhani anakwenda kunyoosha miguu. Kumbe alikuwa anavuka barabara.

Nilimkuta amesimama mbele ya meza ya Kopi.

"Nichomee hii," alisema. Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mwanawe tangu habari ya ufunguo.

Kopi aliitia kwenye mashine. Ikavuma, ikaitema. Akaitia tena, ikaitema tena. Baba aliiangalia trei ile ikitoka na diski isiyosomeka, akasema mashine haina kosa, aliyechelewa ni yeye. Sikuwahi kumsikia na sauti ile. Nililia pale kibandani mbele ya watu.

Kopi alinitazama mara moja, akavuta droo, akaweka diski nyingine mezani. Baba alielewa bila kuambiwa.

"Lini?" aliniuliza.

"Jana. Ulipokuwa unaoga."

Nilingoja aniwakie. Hakuniwakia. Alimgeukia mdogo wangu. "Ukiuza hizi zako, mama yako anapata nini?"

"Hapati kitu, Baba." Kopi hakuinamisha uso. "Na hiyo iliyogeuka nyeusi, alipata nini?"

Baba akatoa flana kwenye mfuko wa koti. Aliipumulia ile kopi, akaifuta kutoka katikati kwenda nje, taratibu, akaiinua kwenye balbu ya kibanda na kuikagua upande wa chini.

"Hii haitageuka?"

"Haitageuka."

Aliitia mfukoni. Ile nyeusi aliiacha mezani.

"Funga kibanda," alimwambia. "Twende nyumbani tukamsikie."