Ile O Nyekundu ya Mtaa wa Sikukuu

Brauza ni Opera. Nyingine nimezijaribu, na nasema hivi bila kumwogopa mtu. Mwenye ubishi aje Mchikichini, aulizie meza ya viatu vya mitumba ya Shukuru, ndiye mimi, tubishane mpaka soko lifungwe.

Sikuanza na mapenzi hayo. Mwaka 2004, Pratik alipofungua intaneti kafe Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, ghorofani juu ya duka la vitenge la baba yake, wote tuligombea kompyuta zenye ile herufi e ya bluu, brauza ya wengi. Moja tu, ya pembeni, ilikuwa na O nyekundu ya Opera, na juu ya ukurasa wake ulikaa mkanda wa matangazo usioondoka. Pratik aliiweka mwenyewe, akaisifia sana. Tukamcheka.

Siku ninayoisema ilikuwa Ijumaa. Kwenye tovuti moja ya washairi, mtu wa Tanga aliyejiita Mwana Chumbageni alikuwa ametutupia shairi la uchokozi, limeanza hivi:

*Mashairi ya Bongoni, ni mitumba ya Ilala,*
*Yamevaliwa zamani, na watu waliolala.*

Kanitukania ushairi, kanitukania na kazi. Na malumbano yana sheria yake: unajibu kwa vina vilevile, na mhariri wa tovuti akifunga mjadala wa wiki Ijumaa jioni hujajibu, umeshindwa. Mimi mizani nilijifunza peke yangu, nahesabu kwa vidole huku napanga viatu. Sikuwa tayari kushindwa na mtu kwa kunyamaza.

Basi nikakaa kwenye herufi ya bluu. Karatasini siandiki, shairi langu hutoka kichwani likiwa limeshavaa. Nikaligonga lote ndani ya kisanduku cha tovuti, nikabonyeza kutuma. Ukurasa ukabaki mweupe.

Kumbe mzee Chandu, baba yake Pratik, alikuwa ameinua simu kule dukani. Laini ya simu na ya intaneti ilikuwa moja: mzee akiongea na wateja wake chini, sisi juu tunakatika. Nikabonyeza kurudi nyuma. Kisanduku kikaja kitupu, kama mfuko wa shati jipya.

"Beti zangu!"

Gaudens, muuza saa aliyekaa kompyuta ya jirani, akaangua kicheko. "Malenga wa mitumba! Shairi limesombwa na maji kama nyumba za bondeni Jangwani!"

"Gaudens, nyamaza, nisije nikakutia kwenye ubeti."

"Nitie tu, si utapotea huohuo?"

Pratik akaja amejishika kiuno. "Kaka, nimekwambia mara ngapi? Kaa pale pembeni."

"Kwenye kile kituko?"

"Kituko kile kina kumbukumbu kukushinda wewe."

Nikahamia pembeni, nimenuna. Shairi lililopotea halirudi lilivyokuwa. Lakini hasira nayo ina mizani yake. Yakaja maneno mengine, makali kuliko yale ya kwanza:

*Mtumba huuthamini, na ndio wako wa swala,*
*Hilo koti la begani, latoka kwetu Ilala,*
*Ulivaa harusini, ukaketi na ukala,*
*Livue basi mwilini, uchi uende kulala!*

Nikaongeza beti nyingine mpaka nikaridhika. Nje kivuli cha maghorofa kilikuwa kimeshajaa mtaani na wapagazi walikuwa wanarudisha mikokoteni. Nikabonyeza kutuma.

Kutoka chini ikapanda sauti ya mzee Chandu: "Haloo! Haloo Lindi! Mzigo umefika?"

Kioo kikaniandikia kwamba tovuti haipatikani. Nikainua ngumi. Pratik akaidaka hewani.

"Usipige! Bonyeza mshale wa kurudi."

"Nirudi nikaone utupu tena?"

"Bonyeza, ndugu yangu."

Nikabonyeza. Papo hapo, bila mtandao, bila kusubiri, kisanduku kikafunguka na shairi langu likiwa ndani. Lote. Hata alama ya mshangao pale kwenye kulala, ilikuwa imesimama palepale nilipoiacha. Nilisoma ubeti wa kwanza, nikasoma wa mwisho, nikamtazama Pratik kama mtu aliyerudishiwa mtoto.

"Yenyewe haiendi kuuliza upya kule mbali," akasema, anajidai kama kaiunda yeye. "Ulichoandika inakuwekea hapahapa."

Mashine nyingi zinajua kukimbia. Hii ilijua kutunza. Mshairi anataka nini zaidi?

Lakini shairi lilikuwa bado liko Kariakoo, na mzee bado alikuwa na Lindi sikioni. Nikashuka ngazi mbiombio.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ngoja, naongea."

"Mzee, naomba laini. Kuna mtu wa Tanga anatutukana."

Akafunika simu kwa kiganja. "Kamtukana nani?"

"Ilala nzima. Anasema sisi mitumba."

"Ilala si ndiyo hii yetu? Mimi nimezaliwa mtaa huuhuu!" Akairudia simu: "Lindi, nitakupigia." Akaitua kwa kishindo, kisha akaikalia karibu, mkono juu yake, asije akaigusa mtu. "Nenda kamjibu. Mjibu vizuri!"

Nilipofika juu, Pratik alikuwa ameshaunganisha tena. Nikabonyeza. Mkanda wa matangazo ukacheza, ukacheza, halafu tovuti ikajibu: shairi lako limepokelewa. Likaonekana chini ya lile la Chumbageni, likiwa na jina langu, kabla mjadala haujafungwa. Nikalisoma kwa sauti kafe nzima isikie, na pale kwenye kulala uchi hata Gaudens alipiga meza kwa kucheka.

Alipomaliza kufuta machozi, akasogeza kiti chake karibu na changu.

"Shukuru, kaka yangu. Hapa nina barua ya kuomba kazi, ndefu kweli. Hebu inuka kidogo."

"Kwenye kituko?"

"Inuka bwana, mzee hajashika simu tena."

Sikuinuka. Mjadala wa wiki ijayo Chumbageni lazima angejibu, na mimi nilikuwa nimeshaanza ubeti mwingine.