Umri wa Oveni Namba Mbili

Ukitaka kujua watu wazima wanavyoogopa kusoma, ingia kwenye kampuni iliyouza hisa zake kwa umma, siku bodi inapopitisha hesabu za nusu mwaka. Utawakuta wamevaa suti, wameshika kalamu za bei mbaya, na hakuna hata mmoja anayefungua ukurasa wa pili.

Dada Senti alilijua hilo kwa miaka tisa. Alikuwa mhasibu wa kampuni ya biskuti, na jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ikipotea senti moja hali wala halali. Yeye ndiye aliyeandaa hesabu zenyewe na yale maelezo yanayofuata nyuma kwa herufi ndogo, yanayoanza kila mara kama sala: "Sera za uhasibu zilizotumika ni zile zile zilizotumika katika hesabu za mwaka uliopita." Kila nusu mwaka alifungua faili la zamani, akabadilisha tarehe, akalihifadhi. Kuna mwaka alisahau hata tarehe. Hesabu zikatoka gazetini na tarehe ya mwaka wa nyuma, na hakuna kiumbe aliyepiga simu kuuliza.

Mwaka huu biskuti zilidoda. Senti alijumlisha mara tatu na mara zote jibu likawa hasara. Akapeleka karatasi kwa mkurugenzi wa fedha, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Kimsingi, kwa kuwa hakuweza hata kuomba maji ya kunywa bila kutanguliza neno hilo.

"Kimsingi," alisema Bwana Kimsingi akifunga mlango, "hatuna hasara. Tuna uchakavu mwingi tu. Oveni namba mbili tumeipa miaka mingapi?"

"Kumi, bosi. Imebakiza minne."

"Ipe thelathini."

Hapo hata asiyejua hesabu ataelewa. Mashine inavyozeeka, kila mwaka kampuni inakata kipande cha thamani yake, na kipande hicho kinapunguza faida. Ukisema mashine itaishi miaka mingi zaidi, vipande vinakuwa vyembamba, na faida inachomoza bila biskuti hata moja kuuzwa. Nayo oveni namba mbili ilinunuliwa kwa bei ya kujengea ghorofa.

"Lakini bosi, oveni ile haifanyi kazi."

"Nani kasema? Si imesimama pale? Kimsingi, kitu kilichosimama kipo."

"Basi nitaje kwenye maelezo kwamba tumebadilisha."

"Tumebadilisha nini? Sera ni zile zile, mama! Tulichobadilisha ni makadirio ya umri tu. Andika kama kawaida."

Na kwenye hilo la sera na makadirio, jamani, alikuwa sahihi. Ndilo lililomchoma Senti. Mwongo wa sokoni unaweza kumzomea, lakini mwongo aliyesoma anakutajia kitabu. Kitabu hicho hicho kinasema kwamba makadirio yakibadilika lazima watu waambiwe, na mashine iliyokufa ifutwe kwenye hesabu, ila kurasa hizo Bwana Kimsingi hakuwahi kuzifikia.

Senti akashuka kiwandani. Oveni namba mbili ilikuwa imelala pembeni, urefu wa basi, milango yake imeng'olewa. Mota ilihamishiwa oveni namba moja tangu mwaka juzi, mkanda ukakatwa ukawa wa kufungia mizigo, na ndani, mahali pa kuokea, mafundi walipanga viatu vyao na makopo ya chakula. Fundi mkuu alikuwa amekaa juu ya kreti anafuta mikono kwa tambara. Senti alimwonyesha karatasi aliyotakiwa kusaini, ya kuthibitisha kwamba mtambo una miaka ishirini na minne mbele yake.

Fundi akasoma neno kwa neno, akacheka mpaka akakohoa.

"Dada Senti, hii oveni imekufa. Nimeizika mwenyewe, kipande kwa kipande. Wewe unataka nisaini kwamba marehemu ana mimba?"

"Si mimi ninayetaka."

"Najua. Sasa sikiliza maajabu." Alitoa barua mfukoni, imekunjwa mara nne. "Nimeletewa jana. Wanasema nimefika umri wa kustaafu, kiungwana kabisa, wananishukuru. Mimi ninayetembea nimezeeka, huyu maiti ndiye kijana!"

Hakusaini. Bwana Kimsingi alipoambiwa, akasaini yeye, mahali palipoandikwa "mtaalamu wa mitambo", yeye ambaye balbu ya ofisini kwake ikiungua anaita watu wawili.

Yote haya Senti angeyameza. Miaka tisa alikuwa amemeza mengine, akajiambia funika kombe mwanaharamu apite. Lakini safari hii kulikuwa na baba mkwe.

Baba mkwe alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, na alikuwa amekisubiri kiinua mgongo chake miaka miwili, akipanda na kushuka ngazi za ofisi akiwa na bahasha ya vyeti kwapani. Sasa kilikuwa kimetoka. Jumapili alimkalisha Senti sebuleni kwake, akamsogezea chai.

"Mwanangu," alisema, kwa kuwa tangu siku ya harusi hakumwita vingine, "nimeamua. Sitaki ng'ombe, sitaki kibanda cha duka. Naweka zote kwenye hisa za kampuni yako. Unasemaje?"

Senti aliweka kikombe mezani. Alikuwa amesaini fomu: anayejua hesabu kabla hazijatangazwa haruhusiwi kumwambia mtu anunue wala asinunue, hasa ndugu. Adhabu yake ni kupoteza kazi na leseni, kisha jela.

"Baba, siruhusiwi kusema lolote," akajibu, na kwa woga akatabasamu. "Hesabu zinatoka gazetini Ijumaa."

"Ahaa!" Mzee akamkonyeza. "Nimekuelewa, mwanangu. Mwenye macho haambiwi tazama."

Hakuwa ameelewa hata chembe, na Senti aliliona hilo waziwazi. Angeweza kusema, "Baba, subiri mwezi mmoja tu, tuzungumze." Angeweza kumwambia anunue hao ng'ombe. Alikunywa chai akaondoka, akijisifu njia nzima kwamba ametunza siri ya kazi. Mbona woga ukivaa suti huitwa maadili!

Usiku hakupata usingizi, na asubuhi akaja na ujanja. Mzee alikuwa mtu wa kusoma. Gazeti alilimaliza lote, hadi matangazo ya vifo vya watu asiowajua, akisahihisha makosa kwa kalamu nyekundu. Basi ataambiwa huko huko gazetini, kihalali kabisa. Senti akafungua maelezo namba tatu, na chini ya ile sala akaandika:

"Hata hivyo, umri uliokadiriwa wa oveni namba mbili umeongezwa kutoka miaka kumi hadi thelathini. Oveni hiyo haijafanya kazi tangu mwaka juzi na baadhi ya sehemu zake zimeondolewa. Bila nyongeza hii, kampuni ingepata hasara."

Senti akapeleka kabrasha la hesabu kwenye bodi. Mwenyekiti alilipima kwa mkono.

"Faida ipo?"

"Kimsingi ipo," alisema Bwana Kimsingi.

"Maelezo yale yale?"

"Yale yale, mwenyekiti."

Wakasaini wote, wakahamia kwenye vitafunio. Biskuti zilikuwa za kampuni nyingine.

Ijumaa gazeti likatoka: FAIDA YA BISKUTI YAPANDA, kwa herufi kubwa kama bango la sarakasi, na maelezo namba tatu chini kabisa, karibu yaanguke nje ya ukurasa. Hisa zikapanda. Zilipanda siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu kijana mmoja wa kampuni ya udalali wa hisa, aliyekwama kwenye foleni ya benki bila chaji ya simu, akaokota gazeti la zamani akalisoma lote, hadi maelezo namba tatu. Kufikia Ijumaa iliyofuata hisa zilikuwa zimebaki theluthi ya bei.

Bwana Kimsingi aliingia ofisini kwa Senti na gazeti mkononi.

"Nani aliandika hii?"

"Mimi. Aliyesaini kwamba ameisoma ni wewe."

Kumfukuza Senti kungekuwa kukiri kwamba wazee tisa wa bodi walisaini wasichokisoma. Kwa hiyo mwenyekiti akaita waandishi wa habari na kuwaambia kwamba kampuni yake inathamini uwazi kuliko faida, na Senti akapewa cheti chenye fremu ya dhahabu bandia. Fundi mkuu alikuwa ameshaondoka.

Jumapili Senti alikwenda kwa baba mkwe. Alimkuta amekaa mezani, gazeti la ile Ijumaa mbele yake, jipya, halina hata alama moja ya kalamu.

"Nilinunua asubuhi ile ile," alisema mzee. "Zote. Sikulisoma. Nilijiambia, nikianza kuikagua kazi ya mwanangu nitakuwa namwonyesha simwamini. Nimelifungua jana, baada ya dalali kunipigia."

"Baba, niliandika. Namba tatu. Niliandika kila kitu."

"Nimeona. Umeandika vizuri, hakuna kosa." Akalikunja gazeti polepole. "Uliandika kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yako, Baba. Nilijua utasoma. Sheria ilinikataza kukwambia."

"Ilikukataza kuniambia nisinunue. Sawa. Ilikukataza kuniambia nisubiri? Ilikukataza hata kununa?" Sauti haikupanda, na afadhali ingepanda. "Nilikuwa nimekaa kwenye kiti hiki hiki, wewe kwenye hicho. Na wewe ukaona heri unitumie habari kupitia gazeti, pamoja na watu wote, kwa herufi za chini."

Machozi yakamtoka Senti.

Mzee aliinuka, akamimina vikombe viwili kama kawaida yake, akamsogezea kimoja.

"Kunywa, mhasibu," alisema. "Chai inapoa."