Mboga ya Mwitaliano Kando ya Ukuta

Obura, mwenyekiti wetu wa mtaa hapa Komarock, hajawahi kuotesha hata kitunguu, lakini ndiye aliyesimama juu ya mboga zangu akaniuliza kama nafuga sungura. Debe tupu haliachi kuvuma. Alikitaka kile kipande cha ardhi kando ya ukuta kiwe cha kuegesha magari, na kamati ilikuwa imenipa mpaka Jumamosi niwaambie ile mboga ni nini na nani atainunua.

"Hii ni sukuma imechomwa na jua," akasema.

"Sukuma gani iko na mishipa nyekundu, Chairman?"

"Basi ni terere."

Terere! Mtu mzima, mwenye tumbo lile, hajui terere, mchicha wa kila siku.

Mbegu aliniachia Mwitaliano mmoja niliyekuwa nikimfulia nguo, siku aliyohama. Zilikuwa kwenye kichupa cha dawa, hazina jina. Aliniambia kwao huliwa, akaingia kwenye gari akaenda zake. Mgongo wangu haufui tena. Bila shamba lile ningerudi kumwomba mume wangu hata pesa ya chumvi, na yeye hutoa ya chumvi kwa hotuba.

Nilipanda, zikaota, zikawa chungu kuliko managu. Nikachemsha kwa munyu wa majivu, nikatia maziwa, nikailaza mboga hadi asubuhi kama mama alivyonifunza. Uchungu ulikuwa palepale. Jirani wakaonja, wakakunja nyuso, kisha kila mmoja akawa mtaalamu. Mmoja alisema ni dawa ya minyoo. Huyo hata chai humshinda kupika.

Hodari wao alikuwa mume wangu, Javan. Maisha yake yote amepiga mihuri ofisini, lakini ukimsikia utadhani yeye ndiye aliyeifundisha ardhi kuzaa. Kila asubuhi alishuka na beseni akachuma majani ya nje, akaacha ya katikati.

"Mboga usipoichuma inazeeka, Mama Carolyne," alikuwa akiniambia. "Kwetu Vihiga tunachuma, inachipuka."

Nilimwacha. Nani asiyechuma sukuma hivyo? Lakini miche ilibaki vishada vidogo vya kusikitisha, nami nikaulaumu udongo.

Jumamosi nikamleta Patrobas, kijana wa kanisani kwetu anayepika katika mkahawa wa Kiitaliano kule Westlands. Obura alikuwepo na kamati yake. Javan alisimama nyuma yangu na beseni. Alikuwa amechuma mapema ili mgeni aonje.

Patrobas akachutama, akakata jani la katikati, akatafuna sehemu yake nyeupe ya chini. Akacheka kwa furaha.

"Hii ni radikio, Mama! Inafunga kama kabeji, inakuwa nyekundu kabisa. Wanaichoma, wanatia kwa wali. Ningebeba yote, kila wiki."

Nilitaka kupiga kigelegele. Kisha akafunua mche mwingine, na mwingine, na uso wake ukabadilika.

"Lakini hizi hazitafunga. Hii haichumwangi. Hayo majani ya nje ndiyo yanalea kichwa. Nani amekuwa akichuma?"

Niligeuka nikamwona Javan ameshika beseni kifuani, akiyafunika majani kwa kiganja ili Obura asiyaone, na nikamhurumia, Mungu anisamehe. Ujinga wake ningeushughulikia nyumbani. Nikamnyang'anya lile beseni.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye nilichuma."

Obura akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. "Wanawake! Ungemwachia mzee amekulia shamba, si saa hii tungekuwa tunaongea mambo ingine? Haya, wiki ijayo tunamwaga kokoto."

Nikamngoja Javan. Akakohoa, akatazama viatu vyake, kisha akamtazama Obura.

"Mimi nilimwambia aniachie," akasema.