Juzuu Moja Haijarudi

Nadhira binti Abdillah alitoka Ngazija kuja Dar es Salaam kusomea uhandisi wa maji, na haukupita muda bwenini wenzake wakampa jina la Kwanini. Hakuwa mtovu wa adabu, wala mdaku wa mambo ya watu. Ila nafsi yake haikutulia mbele ya jambo asilolijua. Akiona mlango umefungwa atataka kujua umefungiwa nini, na akiuona wazi atataka kujua unamngoja nani.

Jumamosi ile walipanga safari ya Bagamoyo, wao wanafunzi wa nchi mbalimbali pamoja na wenyeji wao. Sufiani, kijana wa Pangani, ndiye aliyekodi basi dogo la Kosta na kuwakusanya watu pale Mwenge. Dereva aliitwa Abdulswamad, mtu mzima wa kofia ya kiua na maneno machache, naye alitoa sharti lake kabla ya kuwasha gari.

"Saa tisa mchana mimi nimeshika usukani. Jioni gari hii ina bibi harusi wa kumchukua Bunju, na bibi harusi hangoji wanafunzi."

"Na akikawia mtu, baba?" Nadhira akauliza.

"Atakuwa mkazi wa Bagamoyo."

Basi zima likacheka. Dija, msichana wa Tanga aliyelala naye chumba kimoja, akamfinya paja. "Umesikia? Maswali yako yapunguze kabla ya saa tisa."

Hayakupungua. Kaole, kwenye makaburi ya nguzo, alimhoji mwenye kuwatembeza hata yule bwana akaomba maji ya kunywa. Walipokwisha sali adhuhuri mjini na kula, wengine waliteremka ufukweni kupiga picha. Dija akabaki dukani akishindania bei ya khanga, na Nadhira akajiendea peke yake katika mtaa wa milango ya nakshi, polepole, akisoma maua ya mbao kama anayesoma maandishi.

Ndipo aliposikia mvumo. Haukuwa wimbo wala mazungumzo. Zilikuwa sauti nyingi, kila moja ikishika njia yake, zikienda pamoja bila kuchanganyika, mfano wa vijito vinavyoteremka mlima mmoja. Akapinda kona, akaona baraza ndefu na wanaume wamekaa juu ya mikeka, kila mmoja ana kijitabu chembamba mkononi, midomo inatembea. Moshi wa ubani ulikuwa unatoka dirishani.

Akajua ni hitima, kwani kwao Ngazija pia watu humsomea maiti wao. Lakini ilikuwa hitima ya nani? Na huku husomwaje? Kwa heshima akazunguka nyuma, kwenye mlango wa uani wanakopita wanawake, akapiga hodi. Nia yake ilikuwa kuuliza neno moja, kisha ajiondokee.

Akatokea mama mnene mwenye sanduku la mbao kwapani, Bi Fatu, nduguye mwenye nyumba. "Karibu, karibu! Watu wa Dar na foleni zenu! Hitima iko nusu ndiyo mnafika?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Udhu unao?"

"Ninao, lakini mimi—"

"Basi kaa pale pembeni ya baiskeli." Na juzuu ikatua viganjani mwake.

Alikuwa ameipokea kwa mikono miwili, kama alivyolelewa, na hapo mambo yakawa yamekwisha kuamuliwa. Kwa watu wa pwani, juzuu ya hitima ni amana. Anayeipokea hairudishi kwa aliyempa ila ameisoma. Qurani imegawanywa juzuu thelathini, na watu thelathini humaliza kwa kikao kimoja yale ambayo mtu mmoja angeyasoma siku kadhaa. Lakini pungufu ya thelathini si hitima. Mpaka juzuu ya mwisho irudi sandukuni, dua haiinuliwi, na pilau haipakuliwi.

Nadhira akaketi. Moyoni aliomba iwe ni Amma, juzuu ya sura fupi anazozijua kwa ghibu tangu utoto. Akafunua. Ilikuwa ni Qad Samia, ile inayoanza kwa habari ya mwanamke aliyejadiliana na Mtume, Mwenyezi Mungu akaisikia kauli yake. Madrasa aliiacha siku alipoingia shule ya sekondari Moroni. Tangu hapo Kifaransa kilimjaa kichwani na herufi za mwalimu wa madrasa zikasinyaa. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akaanza kwenda kama mtu anayevuka mto asioujua kina.

Alisoma, na udadisi wake ukasoma pamoja naye. Baiskeli ile ilikuwa ndani ya ukumbi, katikati ya wanawake, imeoshwa ikang'aa, na nyuma yake limefungwa kasha la bati. Waliokaa walijibana ubavuni mwake badala ya kuisogeza. Kwa nini? Pazia la chumba cha ndani lilikuwa limeshushwa, na nyuma yake mtu alikuwa akikohoa mara kwa mara. Nani? Swali lilimfika ulimini, na kila lilipomfika alilirudisha, maana asomaye hakatizi aya kwa mazungumzo. Maisha yake yote hakuwa amewahi kunyamaza mbele ya mambo mengi kiasi kile.

Juzuu zikaanza kurudi. Mmoja mmoja wanawake walifunga vitabu, wakavibusu, wakampa Bi Fatu. Sauti zikapungua. Nadhira akamtumia Dija ujumbe kwa simu, na baada ya muda Dija akaingia ameinama, akajipenyeza kando yake.

"We Kwanini, uko kwenye hitima ya nani?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Nimepewa, nasoma."

Dija akafunika mdomo kwa mtandio. "Dereva ameshakaa kwenye kiti. Imebaki kiasi gani?"

Nadhira akamwonyesha. Dija angeweza kumalizia kwa pumzi chache, maana alikuwa msomaji wa kusifiwa. Lakini siku ile hakuwa na ruhusa ya kushika msahafu, na wanawake hawahitaji kuelezwa zaidi.

"Basi funga," akamnong'oneza. "Busu, rudisha. Nani atajua?"

Kutoka barazani sauti ya mwanamume ikaita: "Akina mama! Kwenu zimebaki ngapi?"

Bi Fatu akahesabu sandukuni. "Juzuu moja haijarudi!"

"Ya nani hiyo? Wengine tumefunga bila kiamshakinywa!"

"Funga yako ya uvivu, Salumu! Ngoja!"

Ukumbini wakacheka, kisha macho yakazunguka, yakatua kwenye kona ya baiskeli. Mtaani honi ya Kosta ikalia mara mbili. Bi Fatu akaja akiwa amenyoosha mkono.

"Umemaliza, mwanangu?"

Neno moja tu lilitakiwa, na lilikuwa jepesi. Kwa watu zingekuwa thelathini. Lakini kwa yule aliyelala kaburini zingekuwa pungufu, naye hana mdomo wa kudai. Nadhira hakujua hata jina lake. Akaona ni jambo baya kumwibia mtu, na baya zaidi kumwibia mtu usiyemjua.

"Sijamaliza, mama," akasema. "Imebaki Talaq na Tahrim. Mimi ni mzito wa kusoma. Na si jamaa yenu. Nilikuwa mpita njia, nikataka kuuliza. Nisameheni."

Bi Fatu akainama kumtazama usoni.

"Si binti Ibrahimu wa Temeke, wewe?" Bi Fatu akauliza.

"Mimi ni Mngazija, mama."

"Yarabi! Nami nimemwingiza ndani hata jina sikumuuliza!"

Mama mmoja wa makamo akanyoosha mkono. "Nipeni mimi. Hizo sura mbili hazifiki kikombe cha kahawa."

"Mwacheni."

Sauti ilitoka nyuma ya pazia. Alikuwa Bi Adila, mjane, aliye ndani ya eda.

"Mwacheni amalize mwenyewe. Miaka yote niliyokaa na Bwanausi, ni hitima gani mjini hapa ambayo haikumngoja yeye? Akisoma kama anavyokanda unga wa mikate yake, kidole hakiondoki kwenye herufi mpaka airidhie. Watu wanasonya, pilau inaganda, yeye yumo. Tangu asubuhi nilikuwa nawaza: ya kwake itakwisha upesi, kwa sababu hayupo. Likaniuma hilo. Sasa kumbe kuna wa kungojwa. Mwacheni."

Bi Fatu akapangusa macho kwa upindo wa khanga. Akaenda mlangoni, akapaza sauti: "Tulieni huko! Tunangoja!"

"Tunangoja nini tena?"

"Tunangoja kama siku zote!"

Barazani kikapanda kicheko, kisha kikashuka polepole.

Nadhira akaitazama baiskeli ya mikate, akamjua marehemu. Honi ikalia tena, ndefu.

"Nendeni," akamwambia Dija. "Bibi harusi hana kosa. Nitajua la kufanya."

Dija akatoka. Sauti za Sufiani na Abdulswamad zikasikika zikivutana mtaani, mmoja akiomba, mwingine akiapa. Kisha injini ikanguruma, ikaondoka, ikapotelea upande wa barabara ya Zinga. Nadhira hakukiinua kidole chake kwenye herufi.

Mara mkeka ukabonyea kando yake. Dija alikuwa na mikoba miwili, wake na wa mwenziwe.

"Wamekwenda. Nikikuacha hapa kufika kesho utakuwa umeshaolewa na anayejua majibu." Akajiweka vizuri, akakunja miguu. "Magari ya kurudi Dar, ya Makumbusho, yapo mpaka jioni. Soma. Kwa sauti, na sisi tusikie."

Akasoma kwa sauti. Mahali pawili akateleza, na kutoka nyuma ya pazia Bi Adila akamwambia kwa upole, "Rudi hapo, mama," naye akarudi. Wanawake waliacha kutazama saa. Aya zikaja moja baada ya moja, nzito, kila moja na uzani wake, mpaka akafika alipotajwa Maryamu binti Imrani, aliyekuwa miongoni mwa watiifu. Akafunga, akabusu, akaitoa kwa mikono miwili.

Kifuniko cha sanduku kikashuka. "Zimetimia!" Bi Fatu akaita.

Barazani imamu akainua dua, na ndani yake akamtaja Bwanausi bin Abdullatif. Nadhira akalitamka jina lile kwanza ndani ya midomo, ajue amemsomea nani, kisha akaitikia amina, kwa kuchelewa kidogo kuliko wengine.

Sinia zikaingia. Bi Fatu akaugusa wali kwa ncha ya kidole, akaguna.

"Imepoa?" Bi Adila akauliza kutoka ndani.

"Imepoa, dada. Imeganda kabisa."

"Alhamdulillahi," akasema mjane. "Nileteeni na mimi."